Mto Sagana ukifura, mashua zisubiri

MAKALA MAALUMU

*Masika huwaletea waendesha mashua wa eneo la Mlima Kenya maji mengi, baridi na hasara. Uamuzi wa kuingia mtoni au kubaki ukingoni haufai kuachiwa jicho la mtu mmoja.*

JUMAMOSI ya Aprili, magari kutoka Nairobi huanza kuingia Sagana mapema asubuhi. Wanaoshuka ni wanafunzi wa vyuo, wafanyakazi waliolipiwa matembezi na mwajiri, vijana wa makanisa. Wamelipa kwa simu siku nyingi kabla. Wanachotaka ni kuvaa jaketi la kuokoa maisha, kushika kasia na kuteremka na mto.

Lakini usiku kumenyesha Nyeri. Maji yaliyokuwa maangavu juma lililopita yamegeuka mekundu kwa udongo. Jiwe ambalo waelekezi hulitumia kama alama limezama. Gogo la mkaratusi linapita kwa kasi katikati ya mkondo. Mashua za mpira zimejazwa upepo na kupangwa ukingoni, na hakuna anayezigusa.

Mwelekezi mkuu anatakiwa kuamua. Asubiri saa mbili aone kama maji yatapungua? Ahamishe safari hadi sehemu tulivu? Au awaambie watu waliosafiri kutoka mbali kwamba leo hakuna kuingia mtoni?

Hali hii hujirudia kila msimu wa mvua katika miji ya Mlima Kenya, na uamuzi huegemea zaidi alama za mawe na uzoefu wa mwelekezi. Uzoefu huo ni hazina. Hata hivyo, mtu huyohuyo ndiye atakayepoteza kipato safari ikiahirishwa. Si haki kumbebesha peke yake mzigo wa kusema hapana.

Mto wa milima miwili

Sagana ndio chimbuko la Tana, mto mrefu kuliko yote nchini, unaosafiri takriban kilomita 1,000 hadi Bahari Hindi. Maji yake hutoka pande mbili. Upande mmoja ni Mlima Kenya, ambao kilele chake cha Batian kina urefu wa mita 5,199. Upande wa pili ni safu ya Aberdare, ambayo wenyeji huiita Nyandarua, inayofika takriban mita 4,000.

Thego na Ragati hushuka kutoka mlimani. Chania na Gura hutoka Aberdare. Mito hii hukata misitu, kisha mashamba ya chai na kahawa ya Nyeri, kabla maji yake kukutana na kuelekea Sagana, mji ulioko Kirinyaga karibu na mpaka wa Murang'a.

Mteremko huo mkali ndio unaoupa mto nguvu, na nguvu hiyo ndiyo iliyozaa biashara. Kampuni ya Savage Wilderness, iliyoanzishwa mwaka 1990, ni miongoni mwa zilizotangulia kupeleka watu kwenye maporomoko ya Sagana kwa mashua za mpira. Nyingine zilifuata. Leo kuna kambi zinazouza safari za mashua, kayaki na hata kuruka kutoka mnarani kwa kamba.

Barabara pana ya kilomita 84 kutoka Kenol kupitia Sagana hadi Marua imerahisisha safari zaidi. Mkazi wa Nairobi, aliye umbali wa takriban kilomita 100, anaweza kuamka nyumbani, kuteremka mto na kurudi kulala kwake.

Urahisi huo una hatari yake. Mgeni wa siku moja hajui mvua iliyonyesha Othaya usiku. Hajui mto ulikuwaje jana, na hana kesho ya kusubiri.

> Mgeni wa siku moja hajui mvua iliyonyesha Othaya usiku.

Maji yakijaa

Duniani kote waendesha mashua hupima ugumu wa mkondo kwa madaraja sita. Daraja la kwanza ni maji yanayotembea polepole. La sita ni maji ambayo hata mabingwa huyaepuka. Mkondo mmoja haubaki daraja moja mwaka mzima, kwa kuwa maporomoko ambayo familia iliyateremka Februari ikicheka yanaweza kuwa kitu kingine kabisa Mei.

Mto ukiwa wa kawaida, nyuma ya kila jiwe kubwa kuna maji yaliyotulia. Hapo ndipo mwelekezi hupumzisha mashua, husubiri wenzake na kuwaopoa waliotumbukia. Mto ukifura, sehemu hizo humezwa. Aliyeanguka husombwa mbali kabla ya kufikiwa.

Kingo nazo hugeuka mtego. Miti iliyokuwa nchi kavu sasa imo ndani ya maji. Mkondo hupenya kati ya matawi, lakini mtu hapenyi. Hunaswa na kugandamizwa na uzito wa maji yanayomfuata. Magogo, waya za nyua na takataka za mashambani huongeza hatari hiyo.

Waelekezi wa Sagana wanayajua haya. Ndiyo sababu huanza kila safari kwa mafunzo: jinsi ya kuelea chali miguu ikitangulia, jinsi ya kushika kamba inayotupwa, na kwa nini hupaswi kujaribu kusimama ndani ya mkondo unaokwenda kasi. Mguu ukikwama kati ya mawe, maji humwangusha mtu kifudifudi.

Mvua ya kwingine

Ugumu wa mito ya milimani ni kwamba mafuriko hayahitaji mvua kunyesha pale ulipo. Jua linaweza kuwaka Sagana huku wimbi la maji ya Aberdare likiwa njiani.

Kenya imelipia somo hilo kwa roho za watu. Aprili 2012, vijana 7 wa kundi la kanisa kutoka Nairobi walifariki waliposombwa na maji ya ghafla katika korongo la Hell's Gate, Naivasha. Septemba 1, 2019, maji yalivamia tena korongo hilohilo na watu 7 wakapoteza maisha. Hawakuwa na mashua. Walikuwa wakitembea kwa miguu mahali palipoonekana salama.

Kisha ikaja masika ya 2024. Serikali ilihesabu zaidi ya watu 280 waliofariki kote nchini kutokana na mafuriko. Shule zilizokuwa zifunguliwe Aprili 29 zilikaa hadi Mei 13. Mwishoni mwa Aprili, boti iliyokuwa ikiwavusha abiria palipofurika kati ya Garissa na Madogo ilipinduka na kuua. Mei 1, watalii waliokolewa kwa helikopta Maasai Mara baada ya Mto Talek kuvunja kingo na kuingia kambini.

Garissa haiko mbali na habari za Sagana. Ni mto uleule. Maji yanayowachelewesha waendesha mashua asubuhi huishia Masinga, bwawa lililokamilika mwaka 1981 lenye uwezo wa kuhifadhi takriban mita za ujazo bilioni 1.56. Masinga likifika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari limejaa. Maji humwagika kuelekea Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha nyanda za chini za Garissa na Tana River.

Masinga linapokaribia kujaa, kampuni ya umeme ya KenGen hutangaza kiwango cha maji na kuwaonya wanaoishi chini yake. Mtu wa Garissa huambiwa namba. Anayeingiza mashua mtoni Sagana, karibu zaidi na mlima, anastahili namba yake pia.

> Masinga likijaa, Garissa huonywa kwa namba. Sagana nayo inastahili namba yake.

Baridi isiyozungumzwa

Maji mengi huonekana kwa macho, lakini baridi haionekani. Ndiyo maana haipewi uzito wake.

Wakikuyu wana jina la majira ya Juni hadi Agosti: gathano. Ni miezi ya mawingu mazito na manyunyu, ambapo jua linaweza kukosekana Nyeri siku nzima na usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 10. Pia ni miezi ambayo familia nyingi na makundi ya vijana hupanga matembezi kwa sababu ya likizo ya Agosti.

Ubaridi wa mito ya juu hauhitaji maelezo marefu. Samaki wa trauti, walioletwa nchini mwaka 1905 na kutiwa katika Mto Gura, wamezoea eneo hili kwa sababu moja kuu: hawastahimili maji ya vuguvugu. Hadi leo wanazalishwa Kiganjo.

Mtu akitumbukia ghafla katika maji yaliyo chini ya nyuzi 15, mwili hushtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu bila yeye kutaka. Kichwa kikiwa chini ya maji wakati huo, anavuta maji badala ya hewa. Akishinda dakika hizo za mwanzo, vidole na mikono huanza kulegea, na hata kamba aliyotupiwa inakuwa vigumu kuishika.

Maji huuondolea mwili joto takriban mara 25 zaidi ya hewa yenye ubaridi uleule. Sagana kwenyewe maji yana nafuu kuliko Kiganjo, lakini mtu aliyelowa kwa saa mbili au tatu huku upepo wa Julai ukimpiga bado hupoteza joto kwa kasi. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, hiyo tayari ni dharura ya kitabibu.

Anayetetemeka bado mwili wake unapambana. Wa kuogopewa ni yule aliyeacha kutetemeka ilhali hajapata joto, anayejikwaa na kusema maneno yasiyoshikana. Atolewe majini, avuliwe nguo zilizolowa, afunikwe, na kama anajitambua apewe kinywaji cha moto. Pombe haifai kabisa kwa kuwa huharakisha kupotea kwa joto.

Fulana ya pamba ikilowa haihifadhi joto. Vazi la mpira linalobana mwili ndilo bora, au nguo ya sufu. Haya ni mambo ya kuulizwa siku ya kulipa, kabla mteja hajasimama ukingoni akiwa na kaptura.

Hasara ya kusubiri

Kwa nini basi mashua zisisubiri tu? Jibu liko mfukoni.

Kambi ikiahirisha safari, chakula kimeshanunuliwa na wafanyakazi wameshafika. Mteja anataka pesa zake. Mwelekezi anayelipwa kwa safari hurudi nyumbani mikono mitupu, na msimu wa mvua ni majuma, si siku moja. Mama anayeuza samaki na viazi vya kukaanga kando ya barabara na mwenye bodaboda wote huhesabu magari yaliyogeuza.

Waendesha mashua wana hoja nyingine, nayo ni ya kweli. Bila mvua hakuna kazi. Januari hadi Machi, mto ukikauka, mawe hutokeza na mashua hukwaruza tumbo. Mto Mathioya, ulio karibu, huweza kuteremkwa kwa mashua pale tu mvua inapouongezea maji. Kufunga mto kila wingu linapotanda kungewanyima vijana riziki katika miezi ambayo mto ni mzuri.

Wateja nao wanadai haki yao. Wamelipa, wameomba ruhusa kazini, wamekodisha basi. Wengine hushinikiza. Wanasema walikuja kutafuta hatari na hawataki kurudishwa na matope. Lakini mtu hawezi kukubali hatari asiyoielewa. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Pande zote hizi zinaweza kuridhishwa na kitu kimoja: kipimo kinachojulikana na kila mtu kabla ya pesa kubadilishana mikono. Maji yakiwa chini ya alama hii, safari ipo. Yakifika alama ile, ni sehemu tulivu tu na wenye uzoefu. Yakipita ya tatu, hakuna chombo kinachoingia, cha kampuni kubwa wala ndogo.

Bila kipimo cha pamoja, kambi yenye busara huadhibiwa. Ikikataa kuingia, mteja huvuka hadi kwa jirani atakayekubali.

> Bila kipimo cha pamoja, kambi yenye busara huadhibiwa na soko.

Mamlaka yapo

Taasisi hazikosekani. Sheria ya Utalii ya 2011 iliunda Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, inayotoa leseni kwa biashara za utalii. Mamlaka ya Bahari ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya 2006, inahusika na usalama wa vyombo vya majini. Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, Mamlaka ya Rasilimali za Maji hupima mito. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa tahadhari za mvua kubwa.

Serikali za kaunti pia zina wajibu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi utalii wa mashinani na usimamizi wa majanga. Nyeri, Kirinyaga na Murang'a zinashiriki maji haya, kwa hivyo zinaweza kukaa meza moja.

Kinachokosekana ni kiungo. Namba inayosomwa katika kituo cha kupimia maji Nyeri alfajiri inapaswa kufika kwenye simu ya mwelekezi wa Sagana kabla mashua hazijashushwa garini. Nchi ambayo mama mboga hupokea malipo kwa simu katika soko la Karatina haiwezi kushindwa kutuma ujumbe mfupi wenye kiwango cha mto.

Kwingine wanasubiri

Kusubiri si udhaifu wa waendesha mashua wa Kenya. Katika Mto Zambezi, chini ya Maporomoko ya Victoria, kampuni husitisha safari kwa majuma kadri mafuriko yanavyozidi, kwa kawaida karibu na Aprili na Mei, kisha hurudi maji yakipungua. Wateja wanajua kwamba msimu bora wa maporomoko makubwa ni baadaye, kuanzia Agosti, na hupanga safari hivyo.

Nchini Marekani, taasisi ya serikali ya jiolojia, USGS, inapima maelfu ya mito na kuweka vipimo vyake kwenye intaneti ambapo yeyote anaweza kuvisoma. Theluji inapoyeyuka na mito kujaa katika milima ya Colorado, kampuni hutazama namba hizo na kuahirisha safari zinapovuka kikomo. Mwelekezi hana haja ya kubishana na mteja. Humwonyesha namba.

Mto huharibikia juu

Hata kipimo bora hakitoshi ikiwa mto unazidi kuwa wa ghafla. Msitu hunyonya mvua na kuiachilia kidogo kidogo. Mteremko uliolimwa bila matuta huimwaga yote kwa mkupuo, pamoja na udongo wake. Ile rangi nyekundu ya Sagana ni rutuba ya mkulima wa Nyeri ikielekea kujaza tope Masinga.

Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, aliwaambia wanawake wa vijijini jambo hili alipoanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977. Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2004 iliupa ujumbe huo sikio la dunia. Ua wa takriban kilomita 400 unaozunguka Aberdare ulikamilika mwaka 2009. Tangu 2015, Hazina ya Maji ya Tana ya Juu na Nairobi imekuwa ikiwasaidia wakulima kuchimba matuta, kupanda nyasi na kuvuna maji ya mvua.

Waendesha mashua wangefaa kuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo. Mkulima wa Othaya anayepanda mianzi na nyasi ukingoni mwa Gura anailinda riziki ya mwelekezi wa Sagana. Sehemu ya ada ya kila safari ikirudi juu kununua miche, biashara hii itakuwa inawekeza mahali maji yake yanapotoka.

KABLA YA KULIPA, ULIZA

- Kiwango gani cha maji kitafanya safari iahirishwe, na nani huamua?
- Safari ikiahirishwa, nitarudishiwa pesa au nitapewa tarehe nyingine?
- Kampuni ina leseni, na kuna mashua au kayaki ya uokoaji itakayotufuata?
- Je, mna mavazi ya kukinga baridi, na jaketi linalotosha kila mwili?
- Mmepata taarifa za mvua ya Nyeri na Aberdare leo asubuhi?

Hatua za kuchukuliwa

Kaunti za Nyeri, Kirinyaga na Murang'a ziwaite waendesha mashua, Mamlaka ya Rasilimali za Maji na idara ya hali ya hewa kabla ya masika yajayo. Waweke vipimo vyenye rangi kwenye madaraja, wakubaliane alama ya kusitisha safari, na watume kiwango cha mto kwa simu kila asubuhi. Kazi hiyo haihitaji bwawa jipya wala mkopo kutoka ng'ambo.

Mamlaka ya utalii iweke sharti la leseni: kila kampuni iandike kikomo chake cha maji na utaratibu wake wa kurudisha pesa. Kampuni nazo ziwalipe waelekezi ujira wa siku hata mto unapofungwa, ili hapana yao isiwagharimu chakula cha watoto.

Kwako msomaji unayepanga kwenda Sagana: nenda, mto ni mzuri na vijana wake ni hodari. Lakini mwelekezi akikuambia leo mto umefura, usimbembeleze wala usivuke kwa jirani yake. Mshukuru, chukua tarehe nyingine, na urudi maji yakiwa yamepungua.